Fahamu: Kombe la Mapinduzi lilikotoka

Kila Januari, mazungumzo ya soko la Darajani, Zanzibar, hubadilika. Kuanzia wauza samaki hadi makondakta wa daladala, kila mtu ana timu yake. Kombe la Mapinduzi limefika.

Lilianzaje?
Mashindano haya ya soka huadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Kwa mfumo wa sasa yalianza mwaka 2007, na Yanga wakawa mabingwa wa kwanza. Uwanja wake mkongwe ni Amaan, uliojengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China na kufunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa.

Nani wamelitwaa?
Azam wametamba sana, wakilibeba mara tatu mfululizo kati ya 2017 na 2019. Uganda nayo imelichukua kupitia KCCA mwaka 2014 na URA mwaka 2016.

Wenyeji je?
Miembeni walishinda mwaka 2009, kisha visiwa vikasubiri hadi 2023, Mlandege walipoifunga Singida Big Stars 2-1. Mwaka uliofuata wakalitetea kwa kuichapa Simba 1-0.

Mwaka 2025 klabu zilizipisha timu za taifa. Katika fainali kwenye uwanja wa Gombani, Pemba, timu ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, iliifunga Burkina Faso 2-1.

Kwa Mzanzibari, kombe hili ni kumbukumbu na pia ni jukwaa la vijana wetu kupimana na wakubwa. Tulitunze kwa kwenda uwanjani, hata timu zetu zinapofungwa.