Kuunganisha Kiungo: Kompyuta Hupanga, Familia Iulize

Huku Mpapura, ambako korosho huokotwa kwa kuinama kutwa, maumivu ya kiuno huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, hata kwa mzee ambaye sasa hushindwa kuinuka kutoka sijda. Si yote yatokayo kwenye pingili za uti wa mgongo. Mengine chanzo chake ni kiungo kinachoshikanisha nyonga na mfupa wa chini ya uti huo, hasa baada ya uzazi au kuanguka.

Tiba huanza kwa dawa na mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa. Yasipofaa, daktari wa mifupa aweza kushauri kiungo kiunganishwe: mifupa miwili hufungwa kwa vipande vya madini ya titani mpaka ishikamane. Zamani mwili ulipasuliwa sehemu kubwa. Sasa, penye vifaa, jeraha la sentimita chache hutosha.

Lakini jeraha likiwa dogo, mpasuaji hauoni mfupa kwa macho. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Picha za CT huunganishwa kuwa umbo kamili la nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Daktari hupima unene wa mfupa, huchagua urefu wa kila kipande na njia yake, mbali na mishipa ya fahamu na ya damu, kabla hajashika kisu.

Hata hivyo, kompyuta haithibitishi kwamba maumivu yanatoka hapo. Daktari hukipima kiungo kwa mikono, kisha hukichoma sindano ya ganzi. Maumivu yakipungua sana kwa muda, chanzo kimejulikana.

Tena, kiungo kikishaunganishwa, mwendo wake haurudi. Hiki cha nyonga husogea kidogo mno kwa asili, hivyo hasara yake kwa rukuu na sijda ni ndogo. Kifundo cha mguu ni kingine: kikiunganishwa, mtu aweza kutembea bila maumivu, lakini kikao cha tahiyatu hubadilika. Sheria imemruhusu mgonjwa kuswali kwa namna awezayo. Muhimu ajue kabla.

Basi anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Rufaa ikifika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, safari ni zaidi ya kilomita 500. Kabla ya kuchangishana nauli, ulizeni matatu: chanzo kimethibitishwaje? Mazoezi yamekamilika? Kiungo kitapoteza nini? Mvuta sigara naye aache, kwani moshi huchelewesha mifupa kushikamana. Tumeamrishwa kujitibu, na kuuliza ni katika kujitibu.