Neno Moja, Mipaka Tofauti: Utafiti wa Wanafunzi kuhusu Tofauti za Istilahi katika Ikolojia, Afya na Elimu

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Upanuzi huu unaupa uzito mpya wa kisera utafiti wa wanafunzi wa uzamili kuhusu tofauti za istilahi baina ya nchi jirani. Makala haya yanafafanua aina mbili za tofauti hizo na kubainisha ipi inastahili kushughulikiwa kwanza.

Aina ya kwanza ni maneno mawili yanayotaja dhana moja. Mtanzania huandika shule ya sekondari pale ambapo Mkenya huandika shule ya upili. Tofauti ya namna hii huonekana kwa urahisi, na ndiyo inayojaza majedwali ya tasnifu nyingi. Hata hivyo, madhara yake ni madogo, kwa kuwa msomaji akikutana na neno geni huuliza maana yake.

Aina ya pili ni neno moja lenye mipaka tofauti ya maana. Hapa msomaji haulizi, kwa sababu anaamini ameelewa.

Katika ikolojia, nyumbu huhama kati ya Serengeti na Maasai Mara bila kujali mpaka. Serengeti ni hifadhi ya taifa. Maasai Mara ni hifadhi iliyo chini ya Kaunti ya Narok. Maeneo yote mawili yakiitwa mbuga tu, tofauti ya mamlaka na sheria hufichika, ilhali ndiyo anayoihitaji mshauri wa sera anayeandaa mpango wa pamoja wa uhifadhi.

Katika elimu, elimu ya msingi nchini Tanzania ni ngazi inayotangulia sekondari. Nchini Kenya, jina hilohilo hutumika pia kutafsiri dhana ya sheria ya mwaka 2013, inayojumuisha elimu ya awali hadi sekondari. Takwimu za waliohitimu elimu ya msingi zikilinganishwa bila ufafanuzi, huenda kinacholinganishwa ni vitu viwili visivyolingana.

Katika afya, hatari ni kubwa zaidi. Mganga Mkuu wa Mkoa nchini Tanzania ni daktari wa hospitali, lakini mganga peke yake aghalabu hufikiriwa kuwa wa tiba asili. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, munganga ndiye daktari. Tangazo linalowaonya watu wasiende kwa mganga linaweza kueleweka huko kuwa linawakataza kwenda hospitali. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliua zaidi ya watu 2,200. Katika mazingira kama hayo, maana ya neno moja si suala la kamusi pekee.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba mwanafunzi asiishie kuorodhesha maneno na kuteua moja kuwa sanifu. Aipeleke sentensi kamili kwa wazungumzaji wa pande zote za mpaka, kisha awaulize wangefanya nini baada ya kuisoma. Majibu yakitofautiana, amepata istilahi ya kupewa kipaumbele. Wasimamizi nao waikubali data hiyo kuwa msingi halali wa tasnifu ya isimu.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kunufaika na matokeo ya aina hiyo. Usawazishaji hauhitaji kila mara kulifuta neno la upande mmoja. Mara nyingi yatosha kuambatanisha neno na fasili inayotaja nchi, ngazi au mamlaka inayohusika. Munganga hana haja ya kuondoka Kongo. Kinachohitajika ni mwandishi wa tangazo kujua nani anaitwa hivyo huko kabla tangazo halijachapishwa.