Jaribu la Pili la Hasidi na Mwivu

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza Hasidi ni mtu wa namna gani katika Adili na Nduguze, naye atajibu kabla hujamaliza swali: ana husuda. Jina limeshamwambia. Katika kitabu hicho cha mwaka 1952, Shaaban Robert aliwapa wahusika majina yanayotangaza tabia, na mtoto mwepesi huridhika na tangazo. Vitini vyetu vya mitihani navyo vina orodha zao: mvumilivu, ana upendo, ana msimamo. Orodha humtazama mhusika kama picha ya pasipoti.

Badiliko la tabia huonekana pale jaribu la aina moja linapomjia mtu mara mbili. Hasidi na Mwivu walirithi sawa na ndugu yao Adili, mali ikapotea mikononi mwao, naye akagawana nao yake. Baadaye, safarini, wakamwona tena ana walichokosa wao. Wakamtosa baharini. Mpaka hapo matukio ni mengi na tabia ni ileile. Kisha jini Huria anawageuza manyani na kuamuru wachapwe kila usiku, na darasa zima litasema, "Mwalimu, sasa wamebadilika!" Umbo limebadilika, ndiyo. Kuchanganya hali ya mtu na tabia yake ndilo kosa kubwa la somo hili: maskini akitajirika, mwanafunzi huandika kwamba amebadilika, akaishia hapo. Ndugu wale wanaporudishiwa ubinadamu kwa juhudi za mfalme Rai, mwalimu aulize: tutajuaje kama wametubu, au wamechoka viboko tu? Jibu liwe na namba ya ukurasa.

Kudai ukurasa ni rahisi kwa anayeona. Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, ipo shule ya msingi ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Msomaji wa nukta nundu harushi jicho ukurasani kutafuta neno. Kidole hufuata mstari, alama baada ya alama, kila moja ikiundwa ndani ya nafasi ya nukta 6. Hata riwaya nyembamba hujaza karatasi nzito nyingi, na kurudi kutafuta pale Adili alipogawa mali kunakula kipindi.

Ningeshauri alama iwekwe mapema. Mtoto achukue kipande cha manila, aandike kwa nukta nundu namba ya ukurasa na maneno mawili matatu ya mstari wenyewe. Mwenye uoni hafifu aandike kwa herufi kubwa. Vipande viwili vya jaribu moja vikae pamoja. Mwalimu asome sehemu zote mbili mfululizo kwa sauti, asieleze chochote katikati, kisha anyamaze. Mkono mmoja wa mtoto uko juu ya kipande cha kwanza, mwingine juu ya cha pili, na yeye ndiye wa kusema kilichogeuka. Wanaoona nao wangefaidika, maana jicho lina tabia ya kuruka.

Shuleni hapo husoma pia watoto wenye ualbino, na sekondari huenda wakakutana na Takadini ya Ben Hanson. Takadini anazaliwa na ualbino, mila inataka auawe, na mama yake, Sekai, anatoroka naye. Mhakiki wa haraka huandika "Sekai ni jasiri". Lini? Mke aliyekaa miaka mingi bila mtoto akiishi kwa taratibu za kwao, kitu gani kilimfanya azivunje? Na kijiji kilichowapokea, nani aligeuka kwanza, baada ya kuona nini? (Mwalimu asimfanye mtoto mwenye ualbino kuwa kielelezo cha darasa. Anayechunguzwa ni Sekai.)

Istilahi za mhusika bapa na mhusika duara, ambazo asili yake ni E. M. Forster mwaka 1927, zingoje. Ukizitanguliza, watoto watabandika lebo tu.

Anayenisumbua mimi ni Adili mwenyewe. Kila usiku anawachapa manyani wale kwa amri ya jini, huku akilia. Wengi hudai hakubadilika, na machozi ndiyo ushahidi wao. Mimi siamini kwamba mtu anaweza kushika kiboko usiku baada ya usiku akabaki yuleyule, na mwanafunzi atakayenibishia kwa namba ya ukurasa ningempa alama zote.