Kumulikwa si Kuvuma: Tatizo la Kutafsiri Nahau ya Umaarufu

Utangulizi

Miongoni mwa nahau za Kiingereza zinazowatatiza wafasiri wa habari nchini Kenya ni "in the limelight". Nahau hii humrejelea mtu, mahali au jambo ambalo umma umelielekezea macho na masikio. Katika magazeti na matangazo ya redio, aghalabu hutafsiriwa kwa vitenzi "kuangaziwa" na "kumulikwa", kwa kuwa vyote viwili vimebeba dhana ya mwanga. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba tafsiri ya namna hii huhamisha taa na kuiacha maana nyuma, ilhali Kiswahili kina njia yake cha kuusema umaarufu, njia ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya sauti. Mifano imetolewa hasa katika Kaunti ya Makueni, ikiwa ni pamoja na Nunguni katika milima ya Kilungu, ambako Kiswahili cha habari humfikia msikilizaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikamba.

Asili ya nahau

Neno "lime" katika Kiingereza lina maana ya ndimu na pia chokaa. Hapa tunazungumzia chokaa. Chokaa ikipashwa kwa moto wa mchanganyiko wa oksijeni na haidrojeni, hutoa mwanga mweupe mkali sana. Katika miaka ya 1820, Thomas Drummond aliutumia mwanga huo katika upimaji wa ardhi nchini Ayalandi ili alama za wapimaji zionekane kutoka mbali. Mwaka 1837 ulitumiwa katika ukumbi wa maonyesho wa Covent Garden, London, kisha ukaenea katika kumbi nyingine. Taa ilielekezwa kwa mwigizaji mmoja ili hadhira imwone yeye kuliko wenzake. Umeme ulipoingia, chokaa iliachwa, lakini nahau ikabaki.

Lugha jirani za Ulaya hazikupata taabu kuipokea picha hii. Wafaransa hutumia "sous les feux de la rampe" na Wajerumani "im Rampenlicht", zote zikirejelea taa zilizopangwa ukingoni mwa jukwaa. Jamii hizi zilikuwa na jukwaa la aina moja, kwa hiyo taa ya huku iliweza kusimama mahali pa taa ya kule.

Umaarufu kama sauti

Tukiutazama msamiati wa Kiswahili, tunakuta hali tofauti. Mtu mwenye umaarufu huvuma, huwika, hutajika, husifika. Upepo huvuma, ngoma huvuma, na jina pia huvuma. Wahenga walisema: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Methali hii inazungumzia jambo lile lile linalosemwa na nahau ya Kiingereza, yaani mmoja kujulikana na wengine kubaki nyuma. Lakini papa hakuwashiwa taa, bali habari zake zimesikika. Vivyo hivyo, jogoo la shamba haliwiki mjini. Aliyekuwa na sauti kwao huenda akanyamaza ugenini. Na anayezidisha huonywa kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Hata maneno yaliyotoka Kiarabu hayakuleta taa. "Maarufu" msingi wake ni kujulikana, na "mashuhuri" ni kutangazwa. Nje ya Afrika Mashariki, isiZulu hutumia kitenzi "duma" kwa maana ya ngurumo na pia kwa maana ya kuwa maarufu. Ni kweli kwamba Kiswahili husema nyota ya mtu inang'aa. Hata hivyo, nyota hung'aa kwa jaha yake yenyewe. Hakuna aliyesimama nyuma ya pazia akaielekeza.

Historia ya Ukambani inaafiki jambo hili. Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara wa misafara iliyoshuka hadi pwani. Umaarufu wa mtu kama huyo ulisafiri kinywa kwa kinywa pamoja na misafara. Katika Kikamba, mwanga ni "kyeni", lakini umaarufu wa mtu husemwa kwa "ĩsyĩtwa", yaani jina, na kwa "kũmanyĩka", yaani kujulikana. Msikilizaji akiambiwa kwamba mtu yumo katika kyeni, atafikiria mchana, au wema wa kidini unaopingana na giza. Hatafikiria umaarufu.

Nani humulikwa?

Kitenzi "kumulika" kina historia yake. Mtu humulika kwa mwenge au kurunzi, usiku, akitafuta kitu. Huenda ni nyoka njiani, ng'ombe aliyepotea, au mwizi aliyejificha kwenye migomba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ililipa jarida lake jina la Mulika, na jina hilo linafaa kwa sababu kazi ya jarida la kitaaluma ni kuchunguza. Basi anayemulikwa ni anayechunguzwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsomea mama mmoja anayeuza mboga Nunguni kichwa cha habari kilichosema kwamba kiongozi fulani amemulikwa. Mama huyo aliuliza mara moja, "Ameiba nini, mwanangu?" Habari yenyewe ilihusu tuzo. Mama hakukosea Kiswahili. Alikielewa vizuri kuliko mfasiri.

"Kuangaziwa" kuna nafuu. Kitenzi hiki kimekwisha kuzoeleka kwa maana ya kujadiliwa, hasa katika maandishi ya kitaaluma, na hakimtuhumu mtu. Lakini pia hakimsifu. Kinasema tu kwamba jambo limewekwa mbele ya watu.

Mfano wa Makueni

Tofauti hii hujitokeza wazi katika habari za Makueni baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Mwaka 2014, mgogoro kati ya Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi ulizidi hadi risasi zikafyatuliwa mjini Wote. Tume iliundwa kuchunguza kama serikali ya kaunti isimamishwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha. Mwaka 2016 kaunti hiyo hiyo ilianzisha mpango wa matibabu ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Wageni kutoka kaunti nyingine walifika kujifunza.

Kiingereza kinaweza kusema mara zote mbili kwamba Makueni ilikuwa "in the limelight". Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Mwaka 2014 Makueni ilimulikwa. Baada ya 2016 Makueni ilivuma. Mfasiri anayetumia "kumulikwa" katika habari ya matibabu amewatuhumu watu wa Makueni bila kukusudia.

Mapendekezo

Eugene Nida alisisitiza mwaka 1964 kwamba mfasiri azingatie athari ya ujumbe kwa mpokeaji, si umbo lake pekee. Kwa kufuata msimamo huo, mfasiri ajiulize kwanza: umma unatazama kwa nia gani? Ikiwa ni kwa sifa, "jina lake limevuma" au "anawika" yatafaa. Ikiwa ni kwa uchunguzi, "amemulikwa" ni sahihi kabisa. Ikiwa ni mazungumzo tu, basi mtu huyo "yumo midomoni mwa watu" au "amekuwa gumzo". Anayekwepa kuonekana "hapendi makuu", na anayemnyang'anya mwenzake nafasi "amempiku". Hakuna hata moja kati ya semi hizi inayohitaji taa.

Hitimisho

Tatizo lililojadiliwa hapa si la mapambo ya lugha. Habari za redio husikika mara moja na kupita, wala msikilizaji hana nafasi ya kurudi kusoma aya iliyofuata. Kitenzi kimoja kinaweza kumpa mtu heshima au kumvua. Kwa sababu hiyo, mfasiri wa Kiswahili kabla ya kuwasha taa ya Kiingereza asikilize kwanza sauti iliyomo katika lugha pokezi. Jina la mtu ni amana, na akabidhiwaye amana hutakiwa kuifikisha jinsi alivyoipokea.