Matende na Mabusha katika Mwambao wa Tanga

Maradhi ya matende na mabusha ni ya siku nyingi katika mwambao wa kaskazini wa Tanzania, tangu Mkinga na Tanga hata Muheza na Pangani. Kwa kuwa hayaui kwa ghafula kama kipindupindu, wala hayachukui watoto kama malaria, hesabu ya vifo haiyaonyeshi. Na jambo lisiloonekana katika hesabu aghalabu husahauliwa katika mipango. Lakini madhara ya maradhi hupimwa pia kwa kazi ambayo mgonjwa ameshindwa kuifanya. Mkwezi mwenye busha kubwa hawezi kuukumbatia mnazi. Mvuvi mwenye matende haoni raha kusimama majini kutwa akivuta nyavu. Mwanamke ambaye mguu wake umefura na kutoa harufu huacha kwenda arusini na matangani, na hatimaye huacha hata kwenda sokoni. Hivyo maradhi yasiyoua humnyang’anya mtu riziki yake kwanza, kisha humnyang’anya watu wake.

Asili ya matende na mabusha ni moja. Ni minyoo myembamba mfano wa uzi, iitwayo filaria, ikaayo katika mishipa ichukuayo maji ya mwili. Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa, na watoto wake hutembea katika damu wakati wa usiku, ndipo mbu awanyonyapo na kuwapeleka kwa mtu mwingine. Mwaka 1877 Patrick Manson, tabibu Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy katika nchi ya China, alionyesha kwamba watoto hao hukua ndani ya mwili wa mbu. Hata hivyo, pwani wako wasemao mpaka leo kwamba busha huletwa na kunywa madafu, au kwamba ni urithi, au ni kazi ya wachawi. Fikira hizi si za kuchekwa tu, kwani zina matokeo: mtu asadikiye kwamba amedhuriwa na dafu haoni sababu ya kufunika choo chake wala kulala ndani ya chandarua.

Kuumwa na mbu mmoja au wawili hakumpi mtu matende. Yahitaji kuumwa mara nyingi mno, kwa miaka mingi, na mbu wenye vimelea. Kwa sababu hiyo mgeni apitaye haugui; huugua mwenyeji akaaye pale pale katika nyumba ile ile. Mashambani kazi hiyo ya kuambukiza hufanywa na mbu wa Anofelesi, ambao ndio pia waletao malaria. Mijini hufanywa zaidi na mbu wa Kuleksi, ambao huzaliwa katika maji machafu: vyoo vya shimo vilivyoingiwa na maji, makaro yaliyopasuka na mitaro iliyoziba. Basi mwenye madirisha ya wavu na karo lililofunikwa vizuri hukingwa na nyumba yake, na asiye na uwezo huo huumwa kila usiku wa maisha yake. Hapa ndipo maradhi yanapofuata hali ya mtu.

Tofauti za namna hii zilitambuliwa mapema. Mwaka 1964 ilichapwa taarifa ya huduma za afya za Tanganyika, iliyotolewa na kamati ya Richard Titmuss, profesa wa London aliyetumia umri wake kuchungua siasa za ustawi wa jamii. Taarifa hiyo ilishauri kwamba kinga na vituo vya afya vya vijijini vipewe uzito. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970, zahanati zilijengwa kwa wingi. Mwaka 1971 naye Julian Tudor Hart, tabibu wa Wales, aliandika neno ambalo limekuwa maarufu: kwamba matibabu mazuri huwa haba pale yanapohitajiwa zaidi. Kuanzia 1993 hospitali za serikali ya Tanzania zilianza kutoza ada, na maneno ya Hart yakapata ushahidi mwingine.

Mwaka 1997 mataifa yalikubaliana katika Mkutano Mkuu wa Afya wa Ulimwengu kuyakomesha maradhi haya. Tanzania ilianza kazi mwaka 2000 kisiwani Mafia, na mwaka 2004 ikafika Mkoa wa Tanga. Njia yake ni kuwapa watu wote, wazima kwa wagonjwa, dawa za ivamektini na albendazoli mara moja kwa mwaka, bila ya malipo. Wagawaji huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hupita nyumba kwa nyumba na ufito wenye alama, wakimpima kila mtu kimo ili wajue idadi ya vidonge. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa mahututi hawapewi.

Mpango huu wafaa kufikiriwa, kwa maana dawa humfuata mtu mlangoni. Maskini hadaiwi nauli wala ada. Lakini dawa haiondoi busha lililokwisha kukua. Hilo lataka kupasuliwa, na upasuaji haumfuati mtu. Mgonjwa hana budi kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa kule Bombo, apate nauli, aache kazi kwa siku kadhaa, awe na mtu wa kumwuguza, tena aishinde haya. Kambi za upasuaji wa bure zimesaidia, lakini kambi huja na kuondoka.

Vilevile dawa haizibi karo. Utafiti uliofanywa mkoani Tanga baada ya ugawaji wa mara nane ulionyesha kwamba vimelea vimepungua sana katika damu za watu, ila uambukizaji ulikuwa haujakoma kabisa. Jambo hili lalinganishwa na jaribio la Makunduchi, Unguja, lililoanza mwaka 1988. Huko watu walipewa dawa, na vyoo vyenye maji vikamwagiwa chembe nyepesi za plastiki zieleazo, hata viluwiluwi vya mbu visipate pumzi. Mbu walipungua mno, na maambukizo yakaendelea kushuka hata baada ya ugawaji wa dawa kusimama.

Yadhihirika basi kwamba usawa katika afya hautimizwi kwa dawa kuwa bure tu. Kidonge kimefika kwa wote kwa sababu kilipelekwa; kisu cha mpasuaji na mfuniko wa karo bado vyangoja kufuatwa, na wa mwisho kuvifikia ni yule yule aliyeumwa na mbu wengi zaidi.