Uchapaji wa Alama Maalumu katika Tasnifu za Fonolojia ya Kiswahili

Mtafiti wa fonolojia ya Kiswahili huhitaji alama zisizomo katika kibodi ya kawaida: ŋ ya ng'ombe, ɲ ya nyumba, ʃ ya shamba. Wengi huzinakili mojamoja kutoka majedwali, kazi inayochosha na kuzaa makosa. Ɲ na ŋ hazikawii kubadilishana nafasi, na data ikaharibika bila mwandishi kutambua.

Katika Microsoft Word, kuandika msimbo wa Unicode 014B kisha kubonyeza Alt na X kwa pamoja huleta ŋ. Kwa alama itumikayo mara kwa mara, yafaa ipewe mkato wake wa kibodi kupitia dirisha la alama, kwa kuwa mkato hufanya kazi hata katikati ya neno. Orodha ya masahihisho ya programu hiyo husubiri neno likamilike. Hivyo huifaa zaidi istilahi ndefu, kwa mfano kks ikageuka "kitenzi kisaidizi". Kifupisho kisiwe neno halali. Anayechagua kisa atakuta kila kisa alichosimuliwa na watoataarifa kimekuwa kitenzi.

Inayopuuzwa zaidi ni ritifaa, ilhali ndiyo itenganishayo ng'oa na ngoa. Word huipinda yenyewe, kutoka msimbo 0027 hadi 2019, huku matini iliyonakiliwa kwingine ikibaki na ile iliyonyooka. Programu ya kuchambua kopasi inaweza kuzihesabu kuwa alama mbili tofauti, na matokeo ya neno ng'ombe yakapungua. Ni heri upindaji huo uzimwe kabla data haijaanza kuingizwa.