Chuo cha Jembe na Kitabu

Mzazi mwenye shamba dogo na mtoto mwenye akili nyingi hulala akiwaza mambo mawili. La kwanza ni karo: ataipata wapi? La pili ni hofu ambayo wengi huisema kwa sauti ya chini tu, kwamba kijana akirudi na digrii yake atakuwa bwana mkubwa, asitake tena kushika jembe wala kuonekana na tope miguuni. Mambo hayo mawili yalipata jibu moja katika mji mdogo wa Marekani, na jibu hilo lingali likitumika hata leo.

Mji huo waitwa Berea, nao u katika Jimbo la Kentucky, yapata maili 40 kusini ya Lexington, mahali ambapo nchi yaanza kupanda kuelekea milima ya Appalachia. Hapo pana chuo kidogo kiitwacho Berea College, chenye wanafunzi yapata 1,500. Chuo hicho hakitozi ada ya mafundisho hata senti moja, na desturi hiyo ilianza mwaka 1892. Lakini kila mwanafunzi, awe wa sayansi au wa historia, sharti afanye kazi kwa saa zisizopungua 10 kila juma. Hakuna anayesamehewa kwa sababu ya ukoo wake au kwa sababu ya alama zake nzuri.

ELIMU YA NAMNA GANI?

Marekani ina vyuo vikuu vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, tena ina vyuo vingi vidogo kama hiki. Vyuo hivi vidogo havikuwekwa ili kumfundisha mtu ufundi mmoja tu. Shabaha yake ni kumpa kijana elimu pana kabla hajachagua njia yake. Anayetaka kuwa mtaalamu wa kemia hulazimika pia kusoma historia na kuandika insha. Na anayependa ushairi hulazimika kuingia katika maabara akapime na kuhesabu. Baadaye kila mmoja huchagua somo lake kubwa, ambalo atalichimba mpaka apate digrii. Huko Berea mtu aweza kuchagua biolojia, historia, uuguzi, hata kilimo.

Darasa huwa dogo, na mwalimu humjua kila mtu kwa jina. Hapo hapana nafasi ya kujificha nyuma ya mwenzio. Mwanafunzi aliyezoea kunakili maneno ya mwalimu na kuyakariri siku ya mtihani hupata taabu mwanzoni, maana mwalimu humwuliza, “Kwa nini wasema hivyo? Ushahidi wako ni upi?” Insha hurudishwa ikiwa imejaa masahihisho, naye hutakiwa kuiandika upya. Nje ya darasa pia kuna mihadhara na muziki ambao wanafunzi wote, wa kila somo, hutakiwa kuhudhuria mara kadha katika kila muhula.

KAZI YA MIKONO

Kengele ya darasa ikiisha, kazi huanza. Wako waendao shambani kuwalisha ng'ombe na nguruwe, au kupalilia mboga. Wako wafumao nguo kwa vitanda vya mfumi, na watengenezao fagio ambazo huuzwa mbali na karibu. Wengine huchonga mbao, hupanga vitabu vya maktaba, huosha sakafu, au husaidia walimu katika maabara. Mjini pana hoteli ya chuo, Boone Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1909. Humo wageni hupokewa na kuandaliwa meza na wanafunzi.

Mwaka wa kwanza kijana hupewa kazi na chuo, wala hachagui. Miaka inayofuata aweza kuomba kazi inayokaribiana na masomo yake. Msimamizi humpima kama mwalimu ampimavyo darasani: alifika kwa wakati? Alifanya kwa uangalifu? Aliweza kuwaongoza wenzake? Kipimo hicho huandikwa na kuhifadhiwa, naye mvivu wa kazi aweza kujiponza sawasawa na mvivu wa kitabu. Kwa kazi hiyo hulipwa kiasi kidogo cha fedha, ambacho humsaidia kwa chakula, malazi na vitabu.

Jambo la maana ni kwamba wote hufanya kazi. Kama wangefanya maskini tu, na matajiri wakawatazama, kazi ingekuwa alama ya aibu. Berea chuo huwapokea wale tu ambao jamaa zao hawana uwezo wa kulipa, na kila mmoja hushika fagio. Basi hakuna wa kumcheka mwenziwe.

MWANZO WAKE

Mwanzilishi alikuwa mhubiri aliyeitwa John Gregg Fee, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1816. Baba yake alikuwa na watumwa, lakini kijana aliuchukia utumwa hata baba akamkana. Mwaka 1855, kwa msaada wa Cassius Clay aliyempa ardhi, Fee alianzisha shule ndogo ya chumba kimoja. Katika mwaka 1859 watu wenye silaha waliokuwa wakiutetea utumwa walimfukuza yeye na wenzake kutoka jimbo lile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, alirudi. Mwaka 1866 shule ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91, wakikaa darasa moja. Katika nchi ambayo mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa bado na watumwa, hilo lilikuwa jambo la kutisha wengi. Neno la chuo tangu hapo ni kwamba Mungu ameziumba jamaa zote za dunia kwa damu moja.

MLANGO WAFUNGWA

Mmoja wa waliopata faida hiyo ni Carter G. Woodson. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, na wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alichimba makaa ya mawe katika West Virginia, na alikuwa na umri wa miaka 20 ndipo akaingia shule ya sekondari. Alipata digrii yake Berea mwaka 1903. Mwaka 1912 alipata udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1926 alianzisha juma la kukumbuka historia ya watu weusi, ambalo siku hizi limekuwa mwezi mzima wa Februari.

Kama Woodson angalichelewa miaka michache tu, asingalimaliza masomo yake hapo. Mwaka 1904 bunge la Kentucky lilitunga sheria, iliyoitwa kwa jina la mjumbe Carl Day, ya kukataza weusi na weupe kufundishwa pamoja. Berea ndicho chuo kilichokusudiwa. Chuo kilishitakiwa, kikatozwa faini ya dola 1,000, kikakata rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1908 mahakama ile ilikubali sheria ya jimbo. Jaji John Marshall Harlan, mwenyewe mzaliwa wa Kentucky, aliwapinga wenzake, lakini hakufaulu.

Chuo kikawa cha weupe tu. Wakuu wake walisaidia kulipia wanafunzi weusi masomo katika vyuo vingine, na wakachangisha fedha za kujenga shule mpya, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 46 hakuna kijana mweusi aliyeweza kuingia mlango ambao Woodson aliuingia. Sheria ilipolegezwa mwaka 1950, Berea kiliwapokea tena mwaka ule ule.

FEDHA HUTOKA WAPI?

Msomaji mwenye kuzoea vitabu vya hesabu atauliza swali hili, na ni swali la haki. Mauzo ya fagio hayatoshi kulipa mishahara ya walimu. Mwaka 1920 wakuu wa chuo walikata shauri kwamba urithi wowote ulioachiwa chuo bila sharti usitumiwe, bali uwekwe akiba, na faida yake tu ndiyo itumike. Walishika neno hilo, na akiba hiyo imekua hata kupita dola bilioni 1. Faida yake, pamoja na michango ya watu na misaada ya serikali, ndiyo ibebayo mzigo mkubwa. Aliyeweka fedha mwaka 1920 alipanda mti ambao kivuli chake kingewafaa watu asiowajua.

WAKENYA NA VYUO VIDOGO

Vyuo vya namna hii si vigeni kwa Kenya. Dk. Julius Gikonyo Kiano, aliyekuja kuwa waziri, alipitia Antioch College katika Jimbo la Ohio, chuo ambacho nacho kilichanganya vipindi vya masomo na vipindi vya kazi. Profesa Wangari Maathai alisoma biolojia katika Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana huko Kansas, tangu 1960 hata 1964. Alirudi na elimu kubwa, lakini jina lake lilijulikana ulimwenguni kwa sababu ya kuchimba mashimo na kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Basi ile hofu ya mzazi ina jibu lake. Si kitabu kinachomharibu kijana asitake jembe. Ni kufundishwa kwamba mwenye kitabu hapaswi kulishika. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huko Berea huinama wote, na jioni hurudi wote vitabuni.